XYZ Show: msimu wa kwanza wa vikaragosi vya Nairobi

XYZ Show ni kipindi cha vichekesho vya siasa kilichoanza kuonyeshwa nchini Kenya Mei 2009 kupitia Citizen TV. Waigizaji wake ni vikaragosi vya mpira vyenye sura za viongozi: rais, waziri mkuu, mawaziri, wabunge na wageni mashuhuri. Vikaragosi hivyo husoma habari, huhojiana, hugombana na kuimba, na kila kimoja hutamka hadharani yale ambayo mwananchi anahisi mkubwa wake huyasema akiwa chumbani.

Vipindi vya namna hii hutengenezwa kwa misimu. Mfano unaojulikana zaidi duniani ni Saturday Night Live ya Marekani, iliyoanza tarehe 11 Oktoba 1975 jijini New York. Huonyeshwa moja kwa moja Jumamosi usiku wa manane ukikaribia. Msimu wake huanza majira ya vuli na kwisha Mei, kisha waandishi na waigizaji hupumzika. Mpango huo una sababu. Kichekesho cha siasa hutegemea habari za wiki, nacho huchacha upesi. Kundi linaloandika, kuigiza na kupiga picha kila wiki huchoka, na fedha za kuliendesha hutafutwa msimu kwa msimu.

Mwanzilishi wa XYZ Show ni Godfrey Mwampembwa, mchoraji katuni anayejulikana kwa jina la Gado. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1969 na mwaka 1992 akajiunga na gazeti la Daily Nation la Nairobi, ambako katuni zake zilizoea kuwachokoza marais wa nchi nyingi za Afrika. Wazo la vikaragosi alilitoa Ufaransa, kwa kipindi cha Les Guignols de l'info, kilichoanza mwaka 1988 kwenye Canal+. Hicho nacho kilikuwa na ndugu yake mkubwa Uingereza, Spitting Image, kilichoonyeshwa kuanzia 1984 hadi 1996. Gado alishirikiana na mwandishi wa habari Mfaransa, Marie Lora-Mungai, na kazi ikafanywa chini ya kampuni yao ya Buni Media.

Kenya haikuwa ngeni kwa vichekesho vya televisheni. Vitimbi na Vioja Mahakamani vilikuwa vimewachekesha watu kwa miaka mingi kwenye runinga ya taifa, lakini vilicheza na mambo ya nyumbani, mtaani na mahakamani bila kumgusa rais. Mpaka huo ulivukwa mwishoni mwa miaka ya 1990 na vijana watatu wa kundi la Redykyulass, Walter Mong'are, Tony Njuguna na John Kiarie, waliomwigiza Rais Daniel arap Moi akiwa bado madarakani. XYZ Show ilipofika, njia ilikuwa imeshafyekwa.

Kikaragosi cha aina hii kina kazi ndefu. Fundi huanza kwa kufinyanga kichwa cha udongo akitazama picha za mhusika, na hapo hutia chumvi kama mchora katuni: pua huongezwa, shavu huvimbishwa, paji la uso hurefushwa. Udongo huo hufunikwa kwa plasta ili kupata kalibu, kisha povu la mpira humiminwa ndani na kuokwa. Kichwa kikishatoka hupakwa rangi, hutiwa macho na nywele, na kuvishwa suti iliyoshonwa kwa kipimo chake. Mchezeshaji huingiza mkono kichwani ili kufungua na kufunga mdomo, na mara nyingi mwenzake humsaidia kwa mikono au macho. Sauti hutolewa na mtu mwingine kabisa, mwenye kipaji cha kuiga lafudhi, kikohozi na hata namna ya kunyamaza ya kiongozi.

Karakana ya kipindi ilikuwa katika kituo cha sanaa cha GoDown, eneo la viwanda la Nairobi. Hapo wachongaji, washonaji, waandishi na wapiga picha walifanya kazi pamoja. Umbo la kipindi lilikuwa taarifa ya habari ya kubuni, yenye mtangazaji aitwaye Keff Joinange, mwigo wa mwanahabari Jeff Koinange. Katikati ya habari viliingizwa vichekesho vifupi na nyimbo za mzaha. Lugha ilichanganywa Kiingereza, Kiswahili na Sheng, kama wanavyozungumza watu wa Nairobi.

Mwaka 2009 ulikuwa na mengi ya kuigiza. Machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007 yalikuwa yameua watu zaidi ya 1,100 na kuwahamisha mamia ya maelfu. Athari zake zilifika hadi mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo: Januari 2008 malori ya mafuta yalikwama njiani, na petroli ikaadimika Uganda, Rwanda na Kivu. Butembo, mji wa Kivu Kaskazini, hupata sehemu kubwa ya bidhaa zake kupitia mpaka wa Kasindi, kwa njia inayotoka Mombasa na kupita Kampala, kwa hiyo siasa ya Nairobi si habari ya mbali kwa mfanyabiashara wa mji huo.

Mkataba uliosimamiwa na Kofi Annan tarehe 28 Februari 2008 uliwaweka Mwai Kibaki na Raila Odinga katika serikali moja, mmoja rais na mwingine waziri mkuu, juu ya baraza kubwa la mawaziri. Ndoa hiyo ya shingo upande ilikuwa shamba tayari kwa waandishi wa vichekesho. Februari 2009 bunge lilikataa muswada wa kuunda mahakama maalum ya kuwahukumu wahusika wa machafuko. Julai mwaka huo Annan alikabidhi bahasha ya majina ya watuhumiwa kwa Luis Moreno Ocampo, mwendesha mashtaka wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Ni Ocampo huyohuyo ambaye, tangu Januari 2009, alikuwa akiendesha kesi ya kiongozi wa wanamgambo Thomas Lubanga wa Ituri, mkoa jirani na mji wa Beni, Kivu Kaskazini.

Kipindi cha aina hii ni ghali kuliko mchezo wa jukwaani, na watangazaji wa biashara husita kuweka jina lao kando ya mzaha juu ya rais. Ndiyo maana XYZ Show ilitegemea pia wafadhili, wakiwemo Ford Foundation na ubalozi wa Ufaransa. Kipindi hicho kiliendelea kwa misimu mingine mingi na kubadilisha vituo.

Kongo nayo ina mila yake ya maigizo ya runinga. Tangu enzi ya Zaire, Groupe Salongo la Kinshasa liliigiza kwa Kilingala visa vya ndoa, fedha na uchawi. Ila kumwigiza mkuu wa nchi ni jambo jingine. Kumtukana rais ni kosa kisheria, na kuna tume ya taifa ya kukagua nyimbo na michezo. Novemba 2021 tume hiyo ilipiga marufuku nyimbo kadhaa za kuilaumu serikali, zikiwemo za kundi la muziki la MPR na za mwanamuziki Bob Elvis, kabla ya kulegeza msimamo baada ya watu kulalamika. Wakati huohuo Katiba ya 18 Februari 2006, kifungu cha 23, inampa kila mtu uhuru wa kutoa maoni yake kwa neno, maandishi na picha.

Butembo na Beni zina vizuizi vya ziada. Tangu 6 Mei 2021 Kivu Kaskazini imekuwa chini ya hali ya dharura, na mamlaka ya kiraia yakapewa wanajeshi. Mauaji yaliyoanza kuzunguka Beni mwaka 2014 yamewazoesha watu kufunga milango mapema, na umeme wa uhakika haujafika kila mtaa. Kwa sababu hizo redio imebaki chombo kikuu, ikiwemo Radio Moto ya Butembo na Radio Okapi, inayotangaza kwa Kiswahili pamoja na lugha nyingine nne.

Kwa kundi la vijana wa miji hii miwili linalotamani kazi kama ya Gado, redio ndiyo mahali pa kuanzia. Mchezo wa redio hauhitaji mpira, kalibu wala kamera, bali waandishi wanaofuatilia habari kwa makini, waigaji sauti wazuri, mwanasheria wa kushauriana naye na kituo kisichotishika kirahisi. Vikaragosi vinaweza kusubiri fedha. Maandishi mazuri ya kila wiki hayana budi kuwepo tangu siku ya kwanza.