SARAFU YA BANDIA IITWE KWA JINA LAKE

Wako watu wakusanyao sarafu za kale, na miongoni mwao wako wazikusanyao zile za bandia kwa makusudi. Wengine huwacheka. Sisi hatuwacheki, kwani aijuaye bandia hadanganywi kwa urahisi. Nasi wa Mpanda, tuishio katika nchi yenye dhahabu, tunayo sababu ya kujifunza kwao.

Tutoe mfano wa jirani zetu wa Tabora, ambako reli yetu, iliyofika Mpanda mwaka 1950 kwa ajili ya madini ya risasi, hutupeleka. Mwaka 1916, Wadachi walipozibiwa njia ya bahari kwa vita, walifua fedha yao wenyewe mjini humo, katika karakana ya reli. Dhahabu ilitoka Sekenke. Sarafu hiyo ya rupia 15 ina ndovu aliyeinua mkonga, milima nyuma yake, mwaka 1916 na herufi T. Zilifuliwa 16,198 tu. Mwezi wa Septemba Wabelgiji wakauteka mji. Kwa kuwa ni chache, nazo hutamaniwa na wakusanyaji duniani kote, nakala zake zimekuwa nyingi.

Nakala si dhambi. Iliyopigwa alama ya nakala, ikauzwa kwa bei ya nakala, ni mwalimu kwa mtoto asiyeweza kuishika ile ya kweli. Dhambi huanza pale alama inapofutwa, na muuzaji akaapa kwamba aliirithi kwa babu yake.

Hasara yake ni mbili. Kwanza, mnunuzi hupoteza jasho lake. Pili, na hii haionekani upesi, bandia huitia shaka ile ya kweli. Mama mjane aliyeachiwa ndovu halisi ataambiwa na mlanguzi, "Hizi zote ni bandia," naye ataitoa kwa bei ya chumvi.

Dawa ni mizani, chombo wakijuacho vema wachimbaji wetu. Sarafu ya kweli ina uzito wa gramu 7 na kidogo, na robo tatu yake ni dhahabu. Ya shaba ya manjano, yenye ukubwa ule ule, haizidi sana nusu ya uzito huo. Hata risasi iliyopakwa dhahabu ni nyepesi kuliko ile halisi. Tena itazamwe ukingoni: iliyomiminwa katika kalibu mara nyingi huacha mshono au vitundu vidogo.

Kwa hiyo twashauri mambo mawili. Mwenye sarafu ya kale asiisugue, wala asiiuze kabla ya kuipima mbele ya mashahidi. Na shule zetu za Katavi ziweke visanduku vya nakala, kila moja na kibandiko chake kisemacho wazi kwamba ni nakala, ili watoto wajifunze kupima kabla ya kusadiki. Vyote ving'aavyo si dhahabu. Lakini asiyefundishwa kupima atajuaje?