MICHEZO YA PANGA KATIKA KOMPYUTA

Mara nyingi wanafunzi wangu wa historia huniuliza: "Mwalimu, katika michezo ya kompyuta ya kupigana kwa panga za kale, upi ulio bora?" Wazazi nao huniuliza kama michezo hiyo ina faida yo yote. Naona yafaa niwajibu wote pamoja, nikieleza michezo minne. Mimi huipima kwa swali moja: je, kabla ya kupiga, mchezaji hutakiwa kufanya nini?

Wa kwanza ni Mount & Blade wa mwaka 2008, uliotengenezwa Ankara, Uturuki, nao ulianza kama kazi ya mume na mke. Upanga hupigwa kwa njia nne: kutoka juu, kushoto, kulia, na kuchoma. Asiye na ngao hana budi kuutazama mkono wa adui, akinge upande ule ule unaokuja. Na mpiganaji akiwa juu ya farasi, mbio za farasi huongeza nguvu ya pigo. Hapa mtu hujifunza kutazama.

Wa pili ni For Honor wa mwaka 2017, kazi ya Ubisoft huko Montreal, Kanada. Pande za kupiga ni tatu, na wapiganaji wawili huzungukana kama majogoo, kila mmoja akingoja mwenzake ajifichue. Hapa mtu hujifunza kungoja. Lakini habari zake ni hadithi tupu, maana huwapiganisha mashujaa wa Ulaya, Waviking na masamurai wa Japani katika vita vimoja. Mwanafunzi asiyaandike hayo katika mtihani!

Wa tatu ni Chivalry 2 wa mwaka 2021. Watu 64 huweza kupigana kwa pamoja, kwa makelele na damu tele. Ustadi upo, kwani mpigaji huweza kuharakisha pigo au kulichelewesha ili amhadae adui. Ila mtu hukatwa mkono akaendelea kupigana, na akifa hurudi tena uwanjani. Kifo hakina uzito.

Wa nne ni Kingdom Come: Deliverance wa mwaka 2018, uliotengenezwa Prague. Habari zake ni za Bohemia mwaka 1403, nchi ambayo leo imo katika Cheki. Mchezaji huwa Henry, kijana aliyelelewa na mhunzi. Hajui upanga wala kusoma. Akifungua kitabu, herufi zimevurugika, mpaka amtafute mwandishi amfundishe. Akipiga ovyo pumzi humwishia. Hapa mtu hutakiwa kujifunza kwanza, na ndivyo ilivyokuwa kweli: katika karne ya 15 mabingwa wa Ujerumani, kama Hans Talhoffer, walitunga vitabu vya picha vya kufundishia mapigano.

Basi, kwa maoni yangu, huo wa nne ndio bora. Lakini wazazi wafahamu kwamba huko Ulaya mitatu ya mwisho imewekewa alama ya miaka 18, kwa hiyo simshauri mwanafunzi wa Kidato cha Pili aicheze. Hata hivyo, mtoto akivutwa na panga, tusimfokee. Tumwambie kwamba mavazi kamili ya chuma ya karne ya 15 yalikuwa na uzito wa kilo 20 hivi, na aliyeyazoea aliweza kukimbia nayo. Akiuliza aliwezaje, tumpe kitabu cha historia.