Askari Walio Ndani ya Damu

Leo tuzungumzie askari wanaolinda mwili: chembechembe nyeupe za damu. Baadhi humeza vijidudu, nyingine hutengeneza silaha za kuvipiga. Makamanda wao ni chembechembe za CD4, ambazo huwapa wenzao amri ya kupigana.

Virusi vya Ukimwi hushambulia makamanda hao. Mtu mzima mwenye afya huwa na CD4 kati ya 500 na 1,500 katika milimita moja ya ujazo ya damu. Zikishuka chini ya 200, kifua kikuu na magonjwa mengine hupata mwanya. Lakini hushuka polepole, kwa miaka, huku mtu akilima, akila na kucheka kama kawaida.

Zamani wengi waliambiwa wangoje hadi hesabu ishuke. Tangu 2016 Kenya haingoji tena. Ukipatikana na virusi, unaanzishiwa dawa za ARV mapema, hata CD4 zikiwa nyingi. Dawa hazimalizi virusi, bali huvizuia kuzaana, nao askari wako huongezeka.

Basi, msikilizaji, usingoje kukonda ndipo ukapimwe. Nenda kituo cha afya, na mwenzako muandamane. Kwaherini.