Chaneli tupu za televisheni zinavyobeba intaneti kijijini

Mwaka 2013, karibu na Nanyuki, kaunti ya Laikipia nchini Kenya, zahanati ya Burguret na shule kadhaa za jirani zilianza kupata intaneti kupitia masafa ya televisheni. Mradi huo, ulioitwa Mawingu, uliungwa mkono na Microsoft, na mitambo yake iliendeshwa kwa umeme wa jua.

Masafa hayo yalikuwaje matupu? Televisheni za huku kwetu hurusha matangazo kwa mawimbi ya UHF, kuanzia megahezi 470, yaliyogawanywa katika chaneli zenye upana wa megahezi 8 kila moja. Vituo viwili vilivyo jirani vikitumia chaneli moja huharibiana picha, kwa hiyo wagawaji wa masafa huacha nyingine wazi. Kisha vikaja ving'amuzi. Tanzania ilianza kuzima analojia Desemba 31, 2012, Kenya ikahamia dijitali kikamilifu mwaka 2015, na chaneli iliyobeba kituo kimoja ikaweza kubeba zaidi ya kumi. Mwenye kituo naye hufuata watazamaji, nao wako mjini. Ndiyo maana chaneli huzidi kuwa tupu kadiri unavyoelekea kijijini, kulekule ambako intaneti ni ya shida.

Wimbi la megahezi 600 lina urefu wa nusu mita hivi, wakati lile la Wi-Fi ya gigahezi 2.4 halifiki sentimita 13. Wimbi refu hupita kwenye majani ya miti na kujipinda juu ya kilima pale ambapo fupi hukwama. Hata penye uwazi, kwa antena zinazokuza ishara kwa kiwango kilekile, ishara ya megahezi 600 hupokewa ikiwa na nguvu mara 16 ya ile ya gigahezi 2.4. Maana yake ni minara michache, na mnara ndio unaokula fedha.

Mtambo haujichagulii chaneli. Hutaja mahali ulipo kwa kanzidata, nayo huujibu chaneli zilizo wazi na kiwango cha nguvu usichopaswa kukizidi. Mjini Cape Town, majaribio ya mwaka 2013 yaliunganisha shule kumi bila kuvuruga televisheni.

Wanaohofia mionzi wajue kwamba mawimbi haya ni yaleyale yaliyotuletea taarifa ya habari miaka yote. Nishati yake haitoshi kuvunja chembe za urithi. Yakiwa na nguvu nyingi mno hupasha mwili joto, na mitambo hii iko mbali sana na kiwango hicho.

Kwa nini basi intaneti ya masafa haya haijaenea? Viwango vya kiufundi vilitoka 2011 na 2014, lakini watengenezaji wa simu hawakuvifuata. Simu yako haiyasomi masafa haya. Lazima kifaa maalumu kifungwe juu ya paa, kisha Wi-Fi ya kawaida isambaze ndani. Kwa kuwa vifaa hivyo hutengenezwa vichache, bei yake haishuki. Kanuni nazo zilichelewa: za Afrika Kusini zilitoka 2018. Wakati huo kampuni za simu zilikuwa zimeshaanza kumega masafa ya juu ya UHF kwa ajili ya 4G.

Nionavyo, ruzuku ndiyo itakayoamua. Tanzania ina Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, unaosaidia kampuni za simu kujenga minara vijijini. Sehemu ya fedha hizo ingeweza kununulia zahanati na shule vifaa vya paani.