Kutoka Molo Hadi Chuo Kikuu: Rekodi Nane za Kujua Kabla ya Kuchagua Kozi

Matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, yakitoka, swali la kwanza mitaani Molo huwa "umepata ngapi?" La pili ndilo zito: "utaitwa wapi, kusomea nini?" Rekodi hizi zinaonyesha kwamba Kenya ya leo chuo kinapatikana. Kozi ndiyo inayobana.

A chache mno: 2016. Mwaka 2015 watahiniwa zaidi ya 2,600 walipata A. Waziri Fred Matiang'i na mwenyekiti wa baraza la mitihani KNEC, George Magoha, wakaziba mianya ya wizi wa mitihani, na mwaka uliofuata A zikashuka hadi 141, yaani mtahiniwa mmoja kati ya takriban 4,000.

Matokeo ya mapema: 2017. Yalitangazwa Desemba 20, kabla ya Krismasi. Waliofikisha C+, alama ya kuingilia chuo kikuu, walikuwa 70,073 tu.

Mavuno makubwa: 2024. Waliopata C+ na zaidi walifika 246,391, wengi kuliko mwaka wowote uliotangulia. Ni karibu mmoja kati ya kila wanne. A zilikuwa 1,693 kati ya watahiniwa 962,512.

Alama ya juu zaidi ya klasta: pointi 48. Hapa ndipo wengi huduwaa. KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi nafasi vyuoni, haliangalii gredi ya jumla peke yake. Kila kozi ina klasta yake ya masomo manne, kila somo lina upeo wa pointi 12, na jumla ya pointi zako katika masomo saba nayo huingizwa kwenye hesabu. Ndiyo maana mwanafunzi yuleyule, akiwa saiba na ukurasa wake wa KUCCPS mbele yake, huona pointi za juu kwenye Sheria na za chini kwenye Uhandisi. Wanafunzi wawili wenye A- wanaweza kuomba Udaktari, mmoja akaitwa na mwingine akaachwa kwa sababu ya Kemia.

Jirani mkongwe zaidi: Egerton. Chuo kilichoko Njoro, mwendo mfupi wa matatu kutoka Molo, kilianza mwaka 1939 kama shule ya kilimo ya Lord Maurice Egerton, na kikawa chuo kikuu kamili mwaka 1987. Leo kinafundisha hata Udaktari. Wengi hukiruka kwa kuwa kiko karibu na nyumbani, kisha wakahangaika na kodi ya chumba Nairobi.

Ndege maarufu zaidi: 1959. Tom Mboya alipanga safari iliyopeleka wanafunzi 81 Marekani, wakati ambapo nafasi za masomo ya juu nchini zilikuwa za kuhesabika. Mwaka uliofuata Wangari Maathai naye akaenda kusomea Kansas.

Mchujo wa ajabu zaidi: mita 1,500. Mwaka 2004 Mike Boit, mshindi wa shaba ya mita 800 katika Olimpiki ya 1972, na mwanahabari John Manners walianzisha KenSAP ili kupeleka vijana werevu wa Bonde la Ufa katika vyuo vikuu vya Marekani. Walioomba walitakiwa kuwa na alama za juu za KCSE, kisha wakapimwa mbio huko Iten, wengine bila kuwahi kushindana maishani. Makocha wa vyuo wakivutiwa, ombi la kijana lilipata nguvu.

Mlango mwembamba mno: Harvard. Mwaka 2022 maombi yalikuwa 61,220, na waliokubaliwa 1,954, yaani asilimia 3.19. Habari njema ni kwamba chuo hicho hakimnyimi mwombaji nafasi kwa sababu ya umaskini, hata akitoka ng'ambo, na anayekubaliwa hupewa msaada kulingana na uwezo wa familia yake.

KCSE ya mwisho itafanywa 2027. Watakaoifanya walichagua masomo mapema, na aliyeacha Fizikia alishaufunga mlango wa Uhandisi kabla hata ya kujua alama zake. Katika mfumo mpya wa elimu, ambao Gredi yake ya 10 ilianza Januari 2026, mkondo wa masomo huchaguliwa mapema zaidi, mwanafunzi akiwa Gredi ya 9. Basi mzazi wa Molo asingoje matokeo. Aulizie masomo ya kozi anayoitaka mtoto wake sasa, wakati bado yanaweza kubadilishwa.