Kijana anapozidiwa na unga: Tumwite daktari au tufunge mlango?

  

Ndugu Waislamu, jina la Forodhani linatokana na forodha, mahali palipotozwa ushuru mizigo iliyoshushwa kutoka majahazini. Leo pale mbele ya Ngome Kongwe pana bustani, iliyofanyiwa ukarabati mkubwa na kufunguliwa tena mwaka 2009, na kila siku baada ya sala ya Magharibi familia zetu hukaa hapo kula mishkaki na kunywa maji ya miwa huku watoto wakijirusha baharini. Bahari hiyo hiyo iliyotuletea tende na mazulia imetuletea pia unga. Heroini inayolimwa Afghanistan hupitishwa kwenye mwambao wa Makran, huko Iran na Pakistan, ikapakiwa majahazini na kuteremshwa katika pwani yetu ya Afrika Mashariki. Tangu miaka ya 1980 imekuwa ikiingia Unguja bila ya kupita forodha yoyote, na kila mtaa wa Mji Mkongwe na Ng'ambo unaijua nyumba iliyoathirika.

Leo tumekusudia kulizungumza jambo ambalo wengi wetu tukilisikia kwa mara ya kwanza husema "Astaghfirullah" na kuligeuzia uso. Zipo nchi zilizotunga sheria za kuruhusu kufunguliwa nyumba maalumu ambamo mtumiaji wa dawa za kulevya huingia na dawa yake mwenyewe, akapewa sindano safi, akajidunga mbele ya muuguzi. Muuguzi hauzi dawa wala haitoi. Kazi yake ni kuangalia. Pumzi zikianza kukatika, humpa mgonjwa hewa ya oksijeni na dawa iitwayo naloksoni, ambayo huiondolea heroini nguvu yake mwilini kwa muda na kumrejeshea mtu pumzi.

Nyumba ya kwanza ya namna hiyo ilifunguliwa Bern, Uswisi, mwaka 1986. Huko Australia, Bunge la jimbo la New South Wales lilipitisha sheria mwaka 1999, na nyumba ikafunguliwa mtaa wa Kings Cross, Sydney, mwaka 2001. Kisa chake kina jambo la kuzingatia kwa watu wa dini. Waliokuwa wamekubali kuiendesha mwanzoni ni masista wa Kikatoliki, lakini Vatican ikawaamuru wajitoe, na kazi ikachukuliwa na kanisa jingine. Kwa hiyo anayedhani kwamba ni Waislamu peke yao wanaopata uzito katika suala hili hajaisoma historia yake. Vancouver, Canada, ilifungua nyumba yake mwaka 2003. Serikali ya nchi ilipotaka kuifunga, kesi ikafika Mahakama ya Juu, na mwaka 2011 majaji wote tisa wakaamua ibaki. Jimbo la Rhode Island nchini Marekani lilitunga sheria yake mwaka 2021. Glasgow, ambako wapo jamaa zetu, walifungua Januari 2025. Na katika miaka yote hiyo, kule Sydney na Vancouver, watu wamezidiwa mara maelfu mbele ya wauguzi, na hakuna aliyekufa humo ndani kwa kuzidiwa na dawa.

Sasa turejee katika dini yetu, kwani hilo ndilo swali la ukurasa huu.

Anayepinga ana hoja nzito na hatutaki kuidharau. Katika Suratul Maida, aya ya 2, Mola wetu anatukataza kusaidiana katika dhambi na uadui. Katika sura hiyo hiyo, aya ya 90, ulevi unahesabiwa miongoni mwa uchafu wa shetani unaopasa kuepukwa. Basi kumwekea mtu kiti, meza na sindano ili aingize unga mwilini mwake, kunatofautianaje na kumsaidia? Lakini katikati ya aya mbili hizo, kwenye aya ya 32, Allah (S.W.) anafananisha kuihuisha nafsi moja na kuwahuisha watu wote. Wanavyuoni wa fani ya usuli, akiwemo Imamu Ghazali, wameyataja mambo matano ambayo sheria imekuja kuyahifadhi: dini, nafsi, akili, nasaba na mali. Unga unaiharibu akili, hilo halina ubishi. Ila mtu aliyekata pumzi hana tena akili ya kuhifadhiwa wala muda wa kutubia.

Upo mfano mashuhuri alioupokea Ibn al-Qayyim kutoka kwa mwalimu wake Ibn Taymiyya. Katika zama za Watatari, Ibn Taymiyya alipita na baadhi ya wenzake mahali ambapo askari wa Kitatari walikuwa wakinywa pombe. Mwenzake mmoja akataka kuwakemea. Yeye akamzuia, akimweleza kuwa pombe imeharamishwa kwa sababu humzuia mtu na kumkumbuka Mwenyezi Mungu na kusali, ilhali hawa pombe inawazuia na kuua watu, kuteka watoto na kupora mali. Wapo wanaoushika mfano huu na kusema: basi nyumba za kudungia zinafaa. Sisi tunaona hapo pana kuvuka mpaka. Sheikh aliwaacha wanywaji katika hali waliyokuwamo, hakuwamiminia. Kuacha kukemea kwa kuepuka dhara kubwa zaidi ni jambo moja, na kutayarisha chumba ni jambo jingine. Kama pana njia ya kuuvuka mpaka huo kwa dharura ya kuokoa roho, wenye kuisema ni masheikh wetu wakikaa na madaktari pamoja. Gazeti halitoi fatwa.

Tena mji wetu una tabia yake. Jimbo la Ontario, Canada, lilipiga marufuku kuanzia Aprili 2025 nyumba hizo kuwa ndani ya mita 200 kutoka skuli au vituo vya kulelea watoto. Mwenye kuzijua njia za Mji Mkongwe na apime mita 200 kutoka mlango wowote aupendao, kisha atuambie kama hatakuta skuli, chuo cha Kur-ani au msikiti.

Kwa hiyo hatusemi nyumba hiyo ijengwe Unguja. Tunachokataa ni kuitumia hoja ya kusaidiana katika dhambi ili kufunga milango ambayo sheria ya dini haikuifunga. Kumpa naloksoni mtu anayekata roho hakuna dhambi ndani yake. Kumwita daktari hakuna dhambi. Methadoni, dawa ya maji inayonywewa kila siku mbele ya muuguzi ili kuondoa arosto na kumpunguzia mtu haja ya sindano, ni tiba inayotolewa kwa idhini ya madaktari. Tanzania iliianza Muhimbili mwaka 2011, na mwaka 2015 ikaanza kutolewa hapa kwetu katika hospitali ya Kidongo Chekundu. Wenzetu wa Malaysia walikwenda mbali zaidi: tangu mwaka 2010 methadoni imetolewa katika Masjid Ar-Rahman, Kuala Lumpur, pamoja na darsa na nasaha. Iran, iliyo jirani na mashamba ya afyuni na yenye adhabu kali, mkuu wa mahakama zake aliwaelekeza majaji mwaka 2005 wasiizuie kazi ya methadoni na sindano safi. Huko Mombasa, mwaka 2012 maimamu walisimama kupinga mpango wa serikali ya Kenya wa kugawa sindano, na tunauelewa uchungu wao. Hata hivyo uchunguzi uliofanywa hapa Unguja mwaka 2007 ulikuta virusi vya Ukimwi kwa watu 16 katika kila 100 wanaojidunga, na mwaka 2012 kwa asilimia 11.3, wakati katika jamii yetu kwa jumla kiwango hakifiki asilimia 1. Wake za watu hao ni binti zetu.

Katika nyumba zetu, tatizo kubwa kuliko chumba cha kujidungia ni mlango unaofungwa. Kijana anazidiwa katika chumba cha uani saa sita za usiku. Mama anamwona midomo imegeuka rangi. Baba anasema: ukimwita mtu, watakuja askari, wataikuta kete, watamchukua yeye na ndugu yake, na asubuhi mtaa mzima utajua. Basi wanamfunika shuka, wanamsomea, wanangoja. Kumsomea ni kheri, lakini Mtume (S.A.W.) alituamrisha pia kujitibu. Aibu ya mtaa haiwezi kupimwa na roho ya mtoto.

Hofu ya askari si ya kubuni, kwani kutumia dawa hizi na kukutwa nazo ni kosa katika sheria zetu. Hapo ndipo tunapowaomba waheshimiwa wa Baraza la Wawakilishi waangalie. Canada ilitunga sheria mwaka 2017 inayomlinda anayeita msaada pamoja na mgonjwa mwenyewe wasishitakiwe kwa kukutwa na kiasi cha kutumia. Muuzaji hakulindwa. Majimbo mengi ya Marekani yana sheria za aina hiyo, ya kwanza ikiwa New Mexico mwaka 2007. Sheria kama hii haihitaji chumba, sindano wala bajeti kubwa. Inahitaji maneno machache yaliyo wazi, ambayo mama wa Mchangani au wa Bububu akiambiwa atayaelewa, na askari wa zamu akiambiwa atayatekeleza. Sadaka ya namna hii kwa vijana ni nyepesi, na wala haimruhusu mtu yeyote kutumia.

Na tuseme yale ambayo kila nyumba iyajue. Heroini huua kwa kuizuia pumzi. Dalili zake ni mtu kutoamka hata akitikiswa, kupumua polepole sana au kukoroma kwa namna isiyo ya kawaida, midomo na kucha kugeuka rangi, na mboni za macho kuwa ndogo kama ncha ya sindano. Kumnywesha maziwa au kummwagia maji hakusaidii, na maziwa yanaweza kumpalia. Mwite mtu mwenye gari, mpeleke hospitali au mwite mganga wa kituo cha karibu. Kama hapumui, mpulizie hewa mdomoni. Kama anapumua, mlaze ubavu na usimwache peke yake. Hata akipewa naloksoni na akazinduka, asiruhusiwe kuondoka mara moja, kwa sababu dawa hiyo huisha nguvu mapema, na unga uliobaki mwilini unaweza kumzamisha tena.

Jambo moja linawaponyoka wengi. Aliye hatarini zaidi ni yule aliyekwisha kuacha. Kijana akitoka gerezani, au akitoka soba baada ya miezi kadhaa, mwili wake umesahau ile sumu. Akirudi siku moja tu kwa kiwango alichokizoea zamani, kiwango hicho kinatosha kumuua. Hali ni hiyo hiyo kwa aliyejizuia mwezi mzima wa Ramadhani, akafunga na kusali tarawehe pamoja nasi, kisha siku ya Idi marafiki wakamwita. Tunamsifu wakati wa mfungo halafu tunamsahau siku ambayo anatuhitaji mno. Kaka au mjomba akae naye siku hizo. Asiende kuchunguza mifuko yake. Akae naye tu.

Pana pia suala la maneno yetu. Imepokewa na Bukhari kwamba zama za Mtume (S.A.W.) alikuwapo mtu aitwaye Abdullah, mcheshi aliyekuwa akimchekesha Mtume, na ambaye aliletwa zaidi ya mara moja kuadhibiwa kwa kunywa. Mmoja wa waliohudhuria alipomlaani, Mtume alimkataza, akashuhudia kuwa mtu huyo anampenda Allah na Mtume wake. Adhabu ilitekelezwa, laana ikazuiwa. Sisi leo tunamwita kijana "teja" mbele ya watoto wake, kisha tunashangaa kwa nini haji msikitini.

Tumalizie kwa jambo dogo ambalo halijasemwa sana mimbarini. Methadoni hunywewa kila siku, na kwa kawaida mchana. Mgonjwa anayetaka kufunga Ramadhani hujikuta kati ya dawa na swaumu, na akiiacha dawa arosto inampata na wauzaji wanamngoja. Mgonjwa ana ruhusa ya kula, hilo limo katika Suratul Baqara, lakini wengi wao wanaona haya kuitumia ruhusa hiyo, nao hutamani siku moja wafunge kama watu wengine. Madaktari ndio wanaoweza kusema kama kipimo chao kinaweza kusogezwa mpaka baada ya futari, na kama wauguzi wanaweza kupangwa zamu ya usiku. Ofisi ya Mufti na wahusika wa Kidongo Chekundu wakikaa pamoja kabla ya mwezi wa Shaabani kumalizika, jibu lao litolewe katika hotuba ya Ijumaa, na mtu wa Nungwi au Makunduchi anayelazimika kupanda daladala kila siku kuja mjini kwa ajili ya dawa hiyo aelezwe mapema saa za kufika na usafiri wa kumrejesha kwao usiku.

Wallahu a'lam.