Mchango na Urithi: Kwa Nini Mtoto Mmoja Hujaa Minyoo Kuliko Nduguye

Watoto wawili wa nyumba moja hula sinia moja, hunywa maji ya kisima kimoja na kuchezea udongo uleule. Wakipewa dawa ya minyoo, mmoja hutoa mnyoo mmoja au hatoi kabisa. Mwenzake hutoa kumi na kadhaa, na baada ya miezi michache amejaa tena. Majirani husema mama yao ni mchafu. Sisi wahudumu wa afya nasi pengine husema hayohayo, ila kwa maneno ya adabu zaidi.

Wataalamu wa vimelea wameitambua hali hii kwa muda mrefu. Katika kijiji chenye mchango, yaani minyoo ya askaris, watu wengi hubeba minyoo michache, na wachache hubeba sehemu kubwa ya minyoo yote ya kijiji. Wachache hao wakitibiwa, mara nyingi ndio haohao wanaojaa upya.

Je, ni mazoea ya nyumba au ni damu? Swali hili lilichunguzwa kwa makini huko Jiri, mashariki mwa Nepal, miongoni mwa Wajirel, jamii ya wakulima ambao karibu wote wameunganika katika mti mmoja wa nasaba. Watafiti waliwapa dawa ya albendazole, wakahesabu mayai katika choo na minyoo iliyotoka. Kwa kuwa ndugu wa damu wameenea katika nyumba nyingi, na nyumba moja huwa na watu wasio wa damu moja, kama vile mke na mume, iliwezekana kutenganisha athari ya nasaba na ile ya makazi. Matokeo yaliyotolewa mwaka 1999, kutokana na watu zaidi ya 1,200, yalionyesha kwamba nasaba ilieleza asilimia 30 hadi 50 ya tofauti za wingi wa minyoo baina ya watu, na kuishi nyumba moja kulieleza asilimia 3 hadi 13 tu. Mwaka 2002 uchunguzi wa vinasaba vya jamii hiyohiyo ulielekeza kwenye kromosomu ya 1 na ya 13. Eneo hilo la kromosomu ya 13 lina jeni inayosaidia ukuaji wa chembe zinazotengeneza kingamwili.

Asilimia hizo ni za tofauti kati ya watu, si za ugonjwa wa mtu mmoja. Asiambiwe mgonjwa kwamba nusu ya minyoo yake imetoka kwa babu yake! Asiyemeza yai hapati mnyoo, awe na jeni zipi. Mnyoo jike hutaga mayai yapatayo 200,000 kwa siku. Yakiangukia udongo wenye unyevu na kivuli huchukua majuma mawili hadi manne kuiva, ndipo yaweze kuambukiza. Choo kinachotumiwa na kila mtu hukata mzunguko huo hata kwa mtoto ambaye mwili wake ni dhaifu mbele ya mnyoo.

Kinachobadilika ni namna ya kumhudumia mgonjwa. Hakuna kipimo cha jeni kwa ajili ya mchango, wala hakihitajiki: historia ya mtoto yatosha. Anayerudi na minyoo mara kwa mara afuatiliwe kwa karibu, asikose dawa kila zamu ya kugawa dawa inapofika (albendazole miligramu 400 mara moja, nusu yake kwa aliye chini ya miaka miwili), na ndugu zake wa damu, hata walio katika boma jingine, waulizwe habari zao. Mama naye asitiriwe. Aliyelaumiwa mara mbili huogopa kurudi zahanati, na mtoto wake ndiye anayeweza kuzibwa utumbo na fundo la minyoo. Mtoto anayetapika, ambaye tumbo limevimba na kukaza, na ambaye hatoi choo wala hewa, asipewe dawa ya minyoo nyumbani. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo.